Mche wa Kumi na Tatu

Bwana Ingosi aliagiza milimau kumi na mitatu.
Nikaiotesha kwenye pakiti za maziwa nilizotoboa kwa msumari,
nikaipanga kando ya ukuta wa choo
upande unaopata jua la asubuhi,
hapa Shinyalu, ambako mvua huripoti kazini saa tisa
na haijawahi kuomba ruhusa.

Kinyesi cha ndege, nikasema.
Kimekaa juu ya jani, cheusi, na baka jeupe kiunoni.
Nikaokota kijiti nikipangue.
Kinyesi kikainua kichwa.

Muhonja, mtoto wa dada yangu, alicheka mpaka akakaa chini.
"Mjomba, umedanganywa na mdudu!"

Dawa nilikuwa nayo, ile ya kabichi, nusu chupa.
Nilikwisha fungua kifuniko.
"Ngoja," akasema. "Huyu bado hajawa yeye."
Nani kamfundisha maneno hayo, sijui.
Nikafunga kifuniko.

Walikuwa wawili, mche mmoja.
Walikula usiku, wakala mchana,
wakajivua ngozi, na ngozi yenyewe wakaila,
maana njaa haichagui sahani.
Siku moja wameamka kijani,
kila mmoja na macho ya uongo begani.
Muhonja akamgusa mmoja kwa unyoya.
Pembe mbili zikachomoza kisogoni, rangi ya papai bivu,
na harufu yake, niielezeje?
Chungwa lililosahauliwa kwenye mkoba wa shule
muhula mzima.
Jogoo wa kina Shimenga, asiyeogopa mbwa,
alisogea, akanusa,
akajifanya ana shughuli kwingine.

Mche ule ukabaki miiba na vijiti.

Halafu wakajifunga.
Kila mmoja na uzi wake mmoja, umezunguka kiuno,
ameegemea nyuma
kama fundi wa stima juu ya mlingoti.
Wakakauka. Wakanyamaza.
Muhonja akachora ukutani kwa kaa la jikoni,
mstari kwa kila siku.

Mstari wa kumi na mmoja, la kushoto lilitoboka.
Tundu la sindano tu.
Wakatoka nyigu, wadogo kama punje za wimbi,
wakatoka, wakatoka,
na baada yao hakuna aliyetoka.
Hakulia. Aliuliza:
"Kwa hiyo majani yote yale alikuwa anawalia wao?"
Nikachukua ndoo nikaenda mtoni,
na maji yalikuwepo.

Mstari wa kumi na sita, kabla ya chai,
la kulia lilipasuka mgongoni.
Kilichotoka kilikuwa kitambaa kilichokamuliwa vibaya,
kinaning'inia, kinatetemeka,
kikadondosha tone la wekundu wa matope.
Hatukwenda shamba.
Kufikia saa nne mabawa yalikuwa yamenyooka:
meusi, yamenyunyiziwa njano ya siagi,
na chini, kila upande, doa jekundu
kama muhuri wa posta.
Akapiga mara moja. Mara mbili.
Akapita juu ya choo, juu ya migomba,
akaelekea msituni bila kuaga.

Alhamisi Ingosi alikuja na mkokoteni.
Anahesabu, anapunguza bei, anahesabu tena.
"Na huu wa kumi na tatu umekufa?"
"Umepumzika."
"Siulipii uliopumzika."

Wakati huo huo akaja kipepeo,
labda yeye, labda mwingine, wote sare moja,
akielea juu ya miche bila kutua vizuri,
mabawa yakitetema, mkia ameukunja,
akagusa mche wa saba,
akaenda zake.
Chini ya jani jipya: yai. Njano. Kichwa cha pini.

Muhonja akanitazama.
Mimi nikatazama mawingu, saa tisa inakaribia.

Ingosi akapakia, akafunga kamba, akasukuma.
Nyuma yangu nikasikia kaa likikwaruza ukuta.
Mstari mmoja.

Miche nilimtoza mia moja moja.
Yai nilimpa.